Nikanyage, Nisikanyage? Mama wa Mazoezi Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu barua zimejaa mezani, na nilipozipanga nikaona karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: nikanyage au nisikanyage? Nimechagua tano. Kwa walioanza kunisoma leo, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilisomea Moshi na nina miaka 26 kazini mkoani Tanga. Sipasui mtu, na ninachoandika hapa hakifuti neno la aliyekupasua. Chumbani kwangu kazini pana vitu vitatu nisivyomwazima mtu: mkeka, ngazi ya mbao yenye vidaraja vitatu, na mizani ya kukanyaga. Hiyo mizani mtaisikia tena.

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda. Hii ni wiki ya saba tangu nivunjike paja la kulia. Nilipasuliwa, nikawekewa chuma ndani ya mfupa, na daktari akasema nianze kukanyaga kidogo kidogo na magongo. Bibi yangu anasema mfupa ni kama mche wa mkorosho, ukiutikisa haushiki. Mpaka leo niko kitandani, namtii bibi. Nani mkweli?*
Dereva, Muheza

Marahaba mwanangu, na pole sana. Bibi yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo usiidharau. Mfupa ukitikiswa ovyo haushiki. Ila mfupa usiotikiswa kabisa nao hulala usingizi.

Jambo hili lilipimwa kwa kondoo. Mwaka 1985 Waingereza wawili, Allen Goodship na John Kenwright, walichapisha kazi yao juu ya kondoo waliovunjwa mfupa wa muundi na kufungwa vyuma vya nje. Kundi moja lilikazwa likaachwa hivyo hivyo. Kundi la pili lilifungiwa kifaa cha kusukuma pale palipovunjika, milimita 1 tu, mara 500 kwa siku. Kazi hiyo ilichukua dakika 17, na muda wote uliobaki kifaa kilizimwa. Waliosukumwa ndio waliounga vizuri zaidi. Mimi huzipenda sana hizo dakika 17. Huwa nawatajia wagonjwa wanaodhani mazoezi ni kushinda kutwa nzima wanatoka jasho.

Kinachotokea ndani ni hiki. Penye ufa mwili hutanguliza damu iliyoganda, kisha nyama laini, kisha gegedu (ile teketeke ngumu kama ya sikio), kisha mfupa mchanga, ule uvimbe ambao kwenye picha ya eksirei unaonekana kama fundo la muwa. Chembe hai zinazofanya kazi hiyo huhisi zinavyovutwa na kubanwa. Zikibanwa kwa kiasi, hujenga. Zikivutwa kupita kiasi, hukataa kuwa mfupa na kubaki nyuzi nyuzi, na hapo ndipo utamwona mtu mwaka mzima umepita paja bado linakunjika katikati kama limeota kiungo kipya. Bila shaka bibi amewahi kumwona mtu wa namna hiyo. Zamani mguu ulifungwa vijiti, mtu akainuka mapema, ukaharibika. Alichokiona alikiona kweli.

Tofauti yako na mtu yule ni chuma. Katika hospitali zetu kubwa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwemo, kinatumika chuma cha SIGN, kutoka shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na mpasuaji Lewis Zirkle katika mji wa Richland, Marekani. Nakitaja kwa sababu waliokibuni walikaa chini wakafikiria hospitali kama zetu, ambazo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei ya kumulika mfupa wakati kazi inaendelea. Chuma kina matundu ya skrubu, na kinapokuwa tayari ndani ya mfupa hufungiwa mkono wa chuma kwa nje unaomwonyesha mpasuaji tundu liko wapi bila yeye kuliona. Skrubu huzuia mfupa usizunguke wala usifupike. Chuma kinabeba sehemu ya uzito wako, na mfupa unapata ule mtikisiko mdogo unaouhitaji. Kukanyaga kidogo kidogo ndiyo zile dakika 17 za kondoo, ila wewe mashine yako ni mguu wako mwenyewe.

Sasa, kidogo ni kiasi gani? Hapa ndipo watu wanapopotea, maana kila mtu ana kidogo yake. Muulize daktari akutajie kilo. Tuseme amesema 15. Weka mizani sakafuni, na kando yake ubao au tofali la kimo kile kile, ukanyage kwa mguu mzima. Shika magongo yote mawili (ya kutembelea, si ile gongo nyingine). Teremsha mguu mgonjwa juu ya mizani, ukandamize polepole mpaka mshale ufike 15. Inua. Rudia umefumba macho, kisha fumbua uone umekosea wapi. Wengi siku ya kwanza hufika 35 wakidhani ni 10. Baada ya siku tatu nne mguu wenyewe unaijua namba. Kama nyumbani hakuna mizani, nenda zahanati kabla foleni ya watoto haijaanza, au mwombe mwenye duka.

Uache na urudi hospitali ukiona maumivu yanaongezeka siku hadi siku, joto au usaha kwenye kidonda, shavu la mguu kuvimba na kuuma, au paja kupinda.

Nikuambie na langu, usije ukadhani nahubiri nisichokijua. Mwaka 2011 niliteguka kifundo cha mguu nikishuka daladala. Mimi, mtu wa mazoezi, nilikaa wiki tatu mguu juu ya mto nikiletewa uji, kwa sababu wanangu waliniona nastahili na mimi sikubisha. Kifundo kilikakamaa miezi mitano. Wenzangu kazini bado wananicheka.

Miezi ikipita utakutana na mtihani mmoja ninaoupenda kuliko mashine yoyote: chuchumaa na utabasamu. Wapasuaji wanaotumia chuma cha SIGN humwomba mgonjwa achuchumae, apigwe picha akitabasamu, na mtihani huo ulifanyiwa utafiti hapa hapa Muhimbili kwa watu waliovunjika paja. Kuchuchumaa kunataka nyonga ikunjike, goti likunjike lote, kifundo kiiname, na mfupa ubebe. Tabasamu linasema haumii, au angalau linajitahidi kusema hivyo. Haugharimu kitu. Na kwa mwenye choo cha shimo, ni mtihani wa kila asubuhi.

Pikipiki isubiri. Kiki iko upande wa kulia, na paja lako ni la kulia. Bibi msalimie, mwambie ameshinda nusu.

*Mwanangu, asalaam aleikum. Nina miaka 71. Nyonga ya kushoto inaniuma, hospitali wamesema gegedu imelika. Mjukuu wangu kaniletea mkongojo kutoka mjini, nami naushika mkono wa kushoto, upande unaouma, ndivyo akili inavyonituma. Binti mmoja mhudumu akaniambia mbele ya watu, bibi umekosea, shika kulia. Niliona hana adabu. Je, ana haki?*
Bibi wa Pangani

Waaleikum salaam, na shikamoo mama. Kwa kukusema mbele za watu hana haki. Kwa mkongojo anayo.

Nenda kwenye mlango wa chumba chako. Usukume pale penye kitasa, unakwenda kwa kidole kimoja. Sasa usukume karibu na bawaba, utatoa jasho. Mlango haukubadilika, umebadilisha umbali tu. Nyonga yako ndiyo bawaba.

Unaponyanyua mguu wa kulia kupiga hatua, mwili wote unabaki juu ya nyonga ya kushoto, na uzito wako unataka kuangukia upande wa kulia ambako hakuna kitu chini. Kinachokuzuia usianguke ni misuli ya ubavuni mwa nyonga ya kushoto. Hiyo misuli imejishika jirani kabisa na bawaba, kwa hiyo lazima ivute kwa nguvu kuushinda uzito wenyewe. Uzito unakandamiza kiungo, misuli nayo inakandamiza, na gegedu lako lililolika limekaa katikati ya wagomvi wawili. Ukishika mkongojo kulia, mkono unasukuma chini mbali na nyonga, penye kitasa. Nguvu ndogo ya mkono inaipumzisha misuli sana. Ukishika kushoto, unasukuma penye bawaba.

Wajerumani walilipima hili kwa namna ambayo nilipoisoma mara ya kwanza niliweka kikombe cha chai chini. Huko Berlin, Georg Bergmann na wenzake walitengeneza nyonga bandia zenye vipimo ndani yake, zikapandikizwa kwa wagonjwa waliokuwa wanahitaji nyonga mpya hata hivyo, na zikawa zinatoa namba nje kwa redio mtu akitembea. Kutembea kwa kawaida, nyonga inabebeshwa kama mara 2.4 ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi, kama 2.6. Kwa mtu wa kilo 60, kila hatua ni kilo 144, karibu gunia moja na nusu la mahindi. Halafu ikatokea mgonjwa akajikwaa, bila hata kuanguka. Vipimo vilipanda kupita mara 8. Kwa kilo 60 hiyo ni karibu magunia matano, kwa nukta moja, kwa sababu misuli yote iliruka kwa pamoja kumwokoa.

Kwa hiyo mama, kabla ya dawa na kabla ya mkongojo, nakuomba ule mkeka uliojikunja mlangoni uondoke. Nina hakika upo, kila nyumba unao. Na taa ya kwenda msalani usiku isikosekane.

Kimo cha mkongojo: simama umevaa viatu vyako vya kila siku, mikono ining'inie, kichwa cha mkongojo kifike penye kifundo cha mkono wako. Mjukuu akate uliozidi, kisha chini aweke mpira, hata kipande cha tairi kilichofungwa vizuri. Mkongojo na mguu wa kushoto viende pamoja kama mtu na mdogo wake. Ukipanda ngazi, mguu mzima utangulie. Ukishuka, mkongojo na mguu unaouma vitangulie. Na utembee kila siku, hata kama ni mpaka kwa jirani na kurudi. Gegedu halina mishipa ya damu, chakula chake hulifikia kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo. Kukaa kitini kutwa kunalinyima.

Yule binti, ukimwona tena, msamehe. Akikusalimu vizuri.

*Dada, mafuta ya nyoka yanaweza kuunga kano iliyokatika?*
Msomaji, Handeni

Hapana. Mkono unaochua unatuliza, na hilo si dogo, lakini kano iliyokatika haiungwi kwa kupakwa. Kama ni ile ya nyuma ya kisigino, ulisikia kama umepigwa teke na ulipogeuka hukuona mtu, na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo peke yake, nenda hospitali leo. Mafuta yatakusubiri.

*Shikamoo dokta. Nina miaka 22, nacheza namba 8. Mwaka huu nilikatika ligamenti ya katikati ya goti, nikapasuliwa na kuwekewa nyingine iliyotolewa nyuma ya paja. Huu ni mwezi wa tano. Goti haliumi, nakimbia vizuri. Kocha ananihitaji kwenye ndondo mwisho wa mwezi. Nicheze dakika 30 tu?*
Kiungo, Korogwe

Marahaba. Mimi si dokta, lakini jibu la dokta litakuwa hili hili: hapana, hata dakika 3.

Kutouma kunakudanganya. Ile kano waliyokuwekea ilikuwa kano ya misuli, inayoshika msuli kwenye mfupa, sasa inatakiwa ijifunze kuwa ligamenti, inayofunga mfupa kwa mfupa. Miezi ya mwanzo mwili unaifumua na kuisuka upya, mishipa ya damu inaingia taratibu, na katikati ya kazi hiyo huwa dhaifu kuliko siku uliyotoka chumba cha upasuaji. Wewe unajisikia mzima hasa wakati yenyewe iko nyuzi nyuzi. Mwaka 2016 Hege Grindem na wenzake walitoa matokeo ya wachezaji waliofuatiliwa Oslo nchini Norwe na Delaware nchini Marekani. Kila mwezi mmoja waliochelewa kurudi uwanjani, mpaka kufika mwezi wa 9, ulipunguza kasi ya kuumia tena goti kwa asilimia 51. Soma tena hapo, si kwa miezi yote, ni kwa kila mmoja. Wewe uko wa tano.

Na usiniambie utakuwa mwangalifu. Watafiti wa Oslo walichukua video za mechi ambazo ligamenti zilikatika, wakazilinganisha picha kwa picha na mifano ya mifupa ndani ya kompyuta. Wakaona goti linaharibika karibu sehemu 40 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000 baada ya mguu kugusa chini. Kupepesa jicho kunachukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kwa hiyo uangalifu haufiki. Kinachofika ni kile mwili ulichozoeshwa miezi kabla, kwamba ukitua goti likae juu ya vidole, lisiingie ndani kama la ndama aliyezaliwa jana.

Ndiyo maana FIFA tangu mwaka 2006 wana mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, kama dakika 20, hayataki kifaa zaidi ya mpira na uwanja. Wa kwetu una mbuzi, lakini unatosha. Mpelekee kocha, afanye na wale 11 ambao bado wana magoti yao ya kuzaliwa.

Mwezi wa 9 ukifika, ufanye hivi kabla hujaomba jezi. Simama kwa mguu mzima, ruka mbele, tua kwa mguu ule ule na utulie. Pima kwa futi ya fundi cherehani. Mara tatu, chukua ndefu. Kisha mguu uliopasuliwa. Kama mguu mzima umeruka sentimita 150, wa pili ufike angalau 135, yaani asilimia 90. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja nayo ifike hapo, na hiyo apime mtu wa mazoezi aliye karibu nawe. Usipofika, namba 8 iendelee kuvaliwa na mwenzako. Ndondo zipo kila mwaka.

*Dada yangu, mimi ni mwalimu wa msingi. Nachota maji kisimani, ndoo ya lita 20 kichwani, mara nne kwa siku. Shingo inaniuma. Mume wangu amesoma kwamba wanasayansi wamethibitisha wanawake wa Kiafrika hubeba mizigo kichwani bila kuchoka. Anasema labda mimi ni mvivu. Nina kilo 58. Nisaidie kumjibu.*
Mwalimu, Lushoto

Mwalimu, nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa mume wangu.

Huo utafiti upo na ni mzuri. Ulifanywa Kenya na mwanafiziolojia wetu Geoffrey Maloiy, akiwa na Norman Heglund na wenzao, ukachapishwa mwaka 1986. Walichukua wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso, wakawatembeza juu ya mashine huku wakipima hewa ya oksijeni wanayotumia. Mzigo ulipofika hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi hayakuongezeka hata kidogo. Mwaka 1995 Heglund na wengine wakaeleza siri yake. Tunapotembea mwili hupanda na kushuka kama pendulamu ya saa ya ukutani, na kila mzunguko nguvu fulani hupotea. Wanawake wale, chini ya mzigo, walipoteza kidogo kuliko watu wengine. Waliojifunza hilo walijifunza tangu utotoni, hakuna aliyewafundisha darasani. Baadaye watafiti waliopima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuikuta nafuu hiyo kwa ujumla. Wapo waliokuwa nayo na wengi hawakuwa nayo. Kwa hiyo hata hilo la wanawake wa Kiafrika ni maneno mapana kuliko ushahidi.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la tano. Asilimia 20 ya kilo 58 ni kilo 11.6. Ndoo yako ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bado ndoo yenyewe. Uko kwenye asilimia 34 na ushei. Umeshavuka mpaka wa bure, na kupita hapo hata wanawake wa Kenya walilipia kila kilo iliyoongezeka.

Na cha pili, utafiti ule ulipima oksijeni. Haukuuliza shingo. Waliouliza, huko Limpopo, Afrika Kusini, walikuta maumivu ya shingo na mgongo kwa wengi wanaochota maji. Pingili za shingo ni nyembamba kuliko za kiuno, na hazikuumbwa kubeba ndoo mara nne kwa siku.

Punguza ujazo mpaka lita 10 au 12 hata kama safari zitaongezeka. Ngata iwe nene na pana. Muda mbaya kuliko wote si wa kutembea, ni wa kujitwika na kujitua, pale shingo inapopinda na maji yanacheza, kwa hiyo usijitwike peke yako, mtwikane na mwenzako. Ikiwa mkono unakufa ganzi au vidole vinaishiwa nguvu, acha kubeba kichwani kabisa na uende hospitali. Na njia ikiruhusu, madumu yaende kwenye toroli.

Kuhusu mumeo, mpe ukurasa huu. Akimaliza kuusoma mpeleke kisimani, mtwike lita 20, umpigie hesabu ya asilimia wakati mnapanda mlima.